Gitaa Fupi la Marehemu

SEHEMU YA KWANZA

Wageni walianza kucheka kabla ukurasa wa kwanza haujaisha.

Alianza mke wa daktari, akajificha nyuma ya upepeo wake. Akafuata mumewe. Filimbi ilishika njia yake na gitaa likashika yake, na kila zilipokutana zilikutana kama wake wenza kisimani. Karani alishusha filimbi, akaitazama karatasi yake, akamtazama Binti. Binti alikuwa amekwisha kuzifunika nyuzi kwa kiganja.

"Tuanze tena," Karani alisema.

Wakaanza tena. Ikawa vilevile.

Ilikuwa Alhamisi usiku, Januari 1824, jijini Vienna, nyumbani kwa mjane wa mshauri mmoja wa serikali. Kila Alhamisi mama huyo aliwafungulia sebule yake marafiki na majirani: kahawa, keki, mishumaa, muziki. Msomaji asidhani ilikuwa anasa tupu. Tangu 1819, waziri Metternich na wenzake walipopitisha Maazimio ya Karlsbad, magazeti na vitabu vilizidi kubanwa na wadhibiti, vyuo vikawekewa macho, na mkuu wa polisi, Josef Sedlnitzky, alikuwa na masikio kila mkahawa. Mwaka 1820 polisi walikivamia chumba cha mshairi Johann Senn. Mtunzi Franz Schubert alikuwemo, akakamatwa pamoja naye. Schubert aliachiwa upesi, lakini Senn aliwekwa ndani zaidi ya mwaka, kisha akafukuzwa mjini. Watu wakajifunza. Wakafunga madirisha, wakapiga muziki.

Leo mwaka ule unakumbukwa kwa Simfonia ya Tisa ya Beethoven, iliyosikika mara ya kwanza Mei 1824. Lakini dukani kwa Diabelli pale Graben, au kwa Artaria pale Kohlmarkt, muziki wa nyumbani ndio uliolisha watu: vijitabu vyembamba vya wapigaji wawili au watatu, na juu ya jalada maneno "kwa filimbi au fidla, pamoja na gitaa", maana mchapishaji hakutaka kumpoteza hata mteja mmoja. Gitaa lilikuwa nafuu kuliko piano, lilibebeka kwapani, na halikuwaamsha majirani. Mwitaliano Mauro Giuliani aliingia Vienna mwaka 1806, akawatia wenyeji wazimu wa chombo hicho. Alipoondoka 1819, madeni yakiwa yamemfika shingoni, mali yake ilikamatwa, ila hakuna aliyeweza kuzikamata dueti zake. Ile ya namba 85, ya filimbi na gitaa katika ngazi ya A, bado inapigwa hadi leo.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kupendwa kwa dueti hizi, ambayo wachapishaji hawakuiandika popote. Filimbi ilihesabiwa ya wanaume. Binti wa watu kukunja midomo na kupulizapuliza mbele ya wageni ulikuwa utovu wa adabu. Gitaa ndilo lililomfaa. Basi kijana na binti walikaa magoti yakikaribia kugusana, kila mmoja akisubiri pumzi ya mwenzake ili waanze pamoja, na mama mtu yuko pale pale anafuma soksi, hana la kusema. Nathubutu kusema nusu ya soko ilitoka hapo.

Karani alikuwa kijana wa ofisi fulani ya serikali, mpole, ana vidole virefu. Alhamisi hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga na Binti, na wote wawili walikuwa wameisubiri kwa namna ambayo mjane aliiona tangu mlangoni.

Sasa, ili kilichofuata kieleweke: muziki wa aina hii kwa kawaida haukuchapwa katika kitabu kimoja. Mpiga filimbi alikuwa na karatasi zake, mpiga gitaa zake. Hakuna aliyeona noti za mwenzake. Ukitaka kujua mwenzako anasema nini, unasikiliza; hapakuwa na njia nyingine.

Nusu ya Binti ilitoka ndani ya sanduku la marehemu baba yake. Mzee alikuwa mnakili, mtu wa kunakili noti kwa mkono kwa malipo ya ukurasa, na kwa kuwa miaka ya mwisho mkono ulimtetemeka, alimfundisha mwanawe kuandika kama yeye, kila mkia na kila nukta, ili kazi isisimame. Alizikwa Septemba. Sandukuni aliacha nusu moja ya dueti isiyo na jina la mtunzi. Nusu ya pili, Karani alisema, aliachiwa kwa jina lake kwenye kaunta ya duka la noti, hajui na nani.

"Labda zimechanganywa," alisema mjane kwa huruma. "Dueti mbili tofauti, mwanangu."

"Hapana, Mama. Idadi ya vipimo ukurasa wa kwanza inalingana. Hata alama za kurudia zinalingana."

Mtu mmoja tu sebuleni hakuwa amecheka. Alikuwa mzee mrefu mwenye mvi, aliyejulikana kuwa alistaafu kutoka ofisi ambayo hakuna aliyeitaja. Kwa sababu hiyo wageni walipunguza sauti kila alipokaribia, na mke wa daktari alikwisha kumnong'oneza Binti kwamba kama kuna jasusi humu ndani basi ni huyo. Mzee alisimama, akachukua kofia, na alipopita karibu na Binti akainama kidogo.

"Gitaa lako ni refu mno, binti yangu."

Akatoka. Watu wakacheka upya.

Binti hakucheka. Aliomba karatasi za Karani, akaziweka sambamba na zake kwenye mwanga wa mshumaa. Mkono ulikuwa mmoja, hilo aliliona mara moja: mkia wa ufunguo wa noti uliopinda kushoto, nusu-mviringo uliokatwa chini, vyote vya baba yake. Akaona na jambo la pili.

Wino wa siku zile ulipikwa kwa vinundu vya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma. Mnakili yeyote anajua tabia yake: unapouandika unatoka kijivu, kama maji ya majivu. Hewa ndiyo inayoukoleza, siku hata siku, hadi unakuwa mweusi.

Noti za gitaa zilikuwa nyeusi tititi.

Noti za filimbi zilikuwa za kijivu. Zimeandikwa juzi au jana, kwa mkono wa mtu aliyezikwa Septemba.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO


SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: Dueti ya filimbi na gitaa imegoma kulingana mbele ya wageni. Binti amegundua kwamba nusu ya filimbi imeandikwa siku chache zilizopita, kwa mkono wa marehemu baba yake. SASA ENDELEA...

Usiku ule Binti hakulala. Shangazi yake, aliyeishi naye, alimsikia akitembea juu ya mbao za sakafu hadi karibu alfajiri, kisha akasikia gitaa, kisha kimya, kisha gitaa tena.

Alikuwa akiyageuzageuza maneno ya yule mzee. Gitaa refu? Gitaa lake lilikuwa kama magitaa yote ya Vienna wakati ule: dogo kuliko haya tunayoyajua, kiuno chembamba, nyuzi sita. Tatu nyembamba zilikuwa za utumbo wa kondoo na tatu nene za hariri iliyozungushiwa waya mwembamba wa madini. Lingekuwaje refu?

Isipokuwa kama lipo lililo fupi.

Akakumbuka. Kulikuwa na magitaa mafupi, ya tersi, ambayo Giuliani aliyapenda kiasi cha kuyatungia muziki mkubwa kabisa, ile konseto yake ya namba 70. Gitaa la tersi huwekwa juu ya gitaa la kawaida kwa nusu-hatua tatu. Mpigaji husoma noti zilezile na kuweka vidole palepale, ila sauti inatoka juu zaidi: akisoma A, masikio ya watu yanasikia C. Watunzi walilipenda kwa sababu sauti yake kali ilipenya, haikumezwa na wenzake. Na mwandishi wa noti hakulazimika kulitaja, kama anajua fika ni nani atakayelipiga na kwa chombo gani.

Binti hakuwa na gitaa la tersi. Alikuwa na kibanio. Akabana nyuzi zote kwenye mstari wa tatu wa shingo, gitaa likafupika, akaanza upya huku akiiimba filimbi kwa midomo, kama alivyoikumbuka. Ngazi ya A ikapanda ikawa C. Kila palipokuwa na ugomvi pakawa na utulivu.

Shangazi aligonga ukuta.

"Lala wewe! Unacheka na nani?"

Alhamisi iliyofuata sebule ilijaa kuliko kawaida. Waliocheka walikuja kuona kama watacheka tena. Binti akapachika kibanio bila kusema neno, Karani akavuta pumzi, na Binti akaiona pumzi hiyo kifuani mwake na kuingia naye.

Ningependa kukaa hapa kidogo, kwa sababu sauti hii si rahisi kuipata leo. Filimbi ya Karani ilikuwa ya mti, ina vifuniko vinane vya kubonyeza. Ile ya Theobald Boehm, iliyopangwa upya matundu yake na vifuniko vyake, ilikuja 1832, na ile iliyotokana nayo tunayoiona mikononi mwa wapigaji wa leo ni ya 1847. Filimbi ya mti haina nguvu hizo. Noti zake si sawa zote, nyingine zina ukungu na nyingine zinang'aa, na mpigaji mzuri huzitumia tofauti hizo. Mbele yake gitaa dogo la utumbo wa kondoo halikuwa mtumishi wa kusindikiza. Liliweza kuuliza likajibiwa. Leo mara nyingi nasikia filimbi ya fedha imekaa juu ya gitaa la nailoni, na mpiga gitaa anatoa jasho ili asikike. Sio kosa la watunzi.

Wageni walinyamaza. Mwendo wa pili ulikuwa wa polepole. Gitaa lilivunja noti mojamoja kwa chini, filimbi ikalala juu yake, na mjane, ambaye mumewe alikufa miaka mingi nyuma, alitoa leso. Hata mzee mwenye mvi, kwenye kiti chake cha pembeni, alikuwa amefumba macho. Mara mbili Karani alishikilia noti zaidi ya ilivyoandikwa, na mara zote mbili Binti alimngoja. Mambo hayo hayafundishwi.

Walikuwa kwenye mwendo wa mwisho, wanakimbia pamoja, Binti alipogeuza ukurasa na kukuta hakuna ukurasa.

Noti zake zilikwisha katikati ya sentensi. Filimbi iliendelea peke yake, vipimo kumi na sita, ikitoa maswali ambayo hayakuwa na wa kuyajibu. Kisha nayo ikanyamaza.

"Kuna karatasi imepotea," Karani alinong'ona, paji la uso likimng'aa kwa jasho.

"Kuna karatasi imeondolewa," Binti alimsahihisha. Alikuwa amepitisha kidole kwenye mshono na kukuta pamekatwa kwa kisu, kwa uangalifu, na mtu aliyejua kutumia kisu cha kuchongea kalamu.

Alitaka kumuuliza hapo hapo kuhusu wino. Alikuwa amelibeba swali hilo wiki nzima. Lakini makofi yalikuwa yanalia, na Karani alikuwa anamtazama kwa macho ambayo hayakumpa nafasi ya kuuliza kitu.

Halafu makofi yakakatika yenyewe, kuanzia mlangoni.

Kamishna wa polisi alikuwa ameingia bila kugonga, na askari wawili nyuma yake. Alimwomba radhi mjane kwa heshima zote. Akaiendea meza ya noti, akatoa mfukoni kijitabu cha kurasa chache kilichoandikwa kwa mkono, na kukilaza kando ya karatasi za dueti, kama mtu anayelinganisha vitambaa dukani.

"Maandishi haya hayakupita kwa mdhibiti," alisema. "Yalikuwa yanasomwa na wanafunzi. Na naona mkono wake ni huu huu wa muziki wenu mzuri. Nauliza mara moja tu. Ni mkono wa nani?"

Macho yote yakamgeukia mzee mwenye mvi kwanza, kwa chuki, kisha yakaenda kwa Binti. Nusu ya waliokuwemo waliujua ule mkono. Na Binti alikijua kile kijitabu. Kwenye ukurasa wa juu kulikuwa na neno moja lililokosewa na kufutwa, naye alikumbuka usiku alipolikosea, Agosti, baba yake akiwa homani chumba cha pili, asijue lolote.

Akafungua mdomo.

"Ni wangu," alisema Karani. "Mkono huo ni wangu."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO


SEHEMU YA TATU

Ilipoishia: Kamishna ameleta maandishi ya siri yaliyonakiliwa na Binti. Kabla Binti hajasema kitu, Karani amejitwisha kosa. SASA ENDELEA...

Walimchukua na filimbi yake. Kamishna alisema chombo hicho ni sehemu ya ushahidi, jambo ambalo hata askari wake walionekana kutolielewa. Karani hakupinga. Mlangoni aligeuka, akamtikisia Binti kichwa kwamba asiseme, na miguu ikasikika ikishuka ngazi.

Sebule iligawanyika palepale. Waliokuwa na mabinti wa kuozesha waliondoka kwanza. Mke wa daktari alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine humu wanakunywa kahawa ya watu huku wanaandika majina yao. Mzee mwenye mvi alimsikia, akavaa glavu zake taratibu. Alimkuta Binti gizani kwenye kona ya ngazi, amekaa juu ya kidato, analia bila sauti.

"Sina muda," mzee alisema. "Kwa hiyo usiniulize maswali. Unadhani baba yako aliwalisha kwa noti?"

Binti akainua uso.

"Ukurasa wa noti ulilipa nini? Hesabu mwenyewe. Mwenye nyumba, kuni, shangazi yako. Baba yako alikuwa na meza karibu na yangu miaka tisa. Kila asubuhi saa moja magunia ya barua za mabalozi yaliletwa. Tulilainisha lakiri kwa moto, tukafungua, tukanakili, tukafunga, na saa tatu na nusu magunia yalikuwa yamerudi posta, hakuna aliyejua. Mchana tulinakili mengine. Ripoti za watu wanaosikiliza sebuleni kwa watu."

Hili la barua, msomaji, si la kutunga. Ofisi hiyo ya siri ya Vienna ilikuwepo tangu karne ya kumi na nane, na mabalozi wa Ulaya walijua kabisa kuwa barua zao zinasomwa. Walichokosa ni namna ya kuzuia.

"Mwongo," Binti alisema.

"Basi niite mwongo. Lakini mkono mzuri ule ulitoka wapi? Pale humalizi mwezi kabla hujajua kuiga mkono wa mwenzako." Alitulia. "Kabla hajafa alikuachia nusu ya dueti isiyopigika kwa gitaa lako. Hukujiuliza kwa nini? Mtu asiyelifahamu gitaa asingegundua lolote. Wewe alijua utalitafuta lililo fupi. Sasa litafute. Nenda karakana ya Stauffer asubuhi na mapema. Na usimwambie mtu unakokwenda. Mtu yeyote."

Johann Georg Stauffer ndiye aliyekuwa jina kubwa la magitaa Vienna. Miaka miwili nyuma, 1822, yeye na mwenzake Johann Ertl walipewa hati na serikali ya kulinda maboresho yao. Miaka hiyo alifanya kazi kwake pia kijana wa Kijerumani, Christian Friedrich Martin, ambaye mwaka 1833 alihamia New York, na magitaa yenye jina lake yanauzwa dunia nzima hadi leo. Kitu kilichowashangaza wateja wa Stauffer kilikuwa shingo. Haikugandishwa na gundi moja kwa moja. Ilishikwa na skrubu, na kisiginoni palikuwa na kitundu cha kuingizia ufunguo kama ule wa kutilia saa ya ukutani. Ukizungusha, shingo inainuka au inashuka, na nyuzi zinakaa karibu na vidole au mbali navyo, upendavyo.

Binti alifika theluji ikidondoka, maduka yakifungua mbao za madirisha. Ndani palinuka gundi ya kuchemsha na mbao za msonobari. Fundi mmoja wa umri wa makamo alimsikiliza, akafungua daftari.

"Gitaa la tersi, dada. Ndiyo. Marehemu alilileta wiki ya kwanza ya Septemba. Akasema shingo inasumbua." Aliinua macho. "Ukweli haikuwa na tatizo. Nilimwambia. Akasema basi likae tu, mwanangu atalifuata. Hakulipia."

Akalitoa juu ya rafu. Lilikuwa dogo kiasi kwamba Binti alidhani ni la mtoto. Hakuwahi kuliona nyumbani, hata siku moja. Alipolishika alijikuta anapiga bila kufikiri zile noti za mwanzo, palepale pa vidole vyake, bila kibanio. Sauti ilitoka C, safi, kali kidogo, na mafundi wawili kule nyuma waliacha kupiga randa.

"Naomba ufunguo wake," alisema.

Fundi akasita, kisha akampa. Binti akalegeza nyuzi kwanza, mojamoja, kama alivyofundishwa, maana ukiziacha zimekaza shingo inaweza kukurukia. Akaingiza ufunguo kisiginoni. Akazungusha. Ulikuwa mgumu, halafu ukalainika, ukaendelea kuzunguka, na shingo yote ikamkalia mkononi.

Ndani ya nafasi ya kisigino palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi na kufungwa kwa kipande cha uzi wa gitaa.

Aliikunjua juu ya meza ya fundi. Upande mmoja ulikuwa na mistari ya muziki: vipimo kumi na sita, mwendo wa mwisho, wino mweusi. Ukingo wake ulikuwa umekatwa kwa kisu. Moyo ulimruka. Aliweza kuisikia filimbi ya Karani juu ya kila noti, na maswali yake yote sasa yalikuwa na majibu.

Akageuza.

Upande wa pili hapakuwa na noti. Palikuwa na maandishi madogo ya baba yake, yaliyotetemeka, na juu kabisa maneno kwamba hii ni nakala ya pili ya ripoti, iliyonakiliwa bila ruhusa, kwa ajili ya mwanangu. Agosti 1823.

Ripoti yenyewe haikuwa ndefu. Ilitaja nyumba ya mjane, siku ya Alhamisi, wageni kwa majina na walichosema kuhusu bei ya mkate na kuhusu Ugiriki. Ilitaja kijitabu kinachopita kwa wanafunzi. Ilisema mwandishi hajui bado nani anakinakili, ila anashuku binti mmoja mpiga gitaa, mtoto wa mnakili wa ofisi yetu hii hii, asiyejua kazi ya baba yake. Haitafaa kumkamata, kwa kuwa nyuma yake wapo wengine, na hao ndio wanaotakiwa. Afadhali apatikane mtu wa kumwamini, mtu atakayempa sababu ya kumtegemea kabisa. Mstari wa mwisho Binti aliusoma mara mbili.

Naomba kazi hiyo nipewe mimi. Nitahitaji hadi msimu wa Kanivali. Nyumba hiyo haina mpiga filimbi, na mimi hupiga.

Kengele ya mlango ililia.

Alikuwa Karani. Theluji mabegani, nywele zimelowa, na mkoba wa filimbi kwapani. Alikuwa peke yake, bila pingu wala askari. Alipomwona Binti uso wake wote ulifunguka kwa furaha, na kilichomtisha Binti zaidi ya yote ni kwamba furaha ile ilionekana ya kweli.

"Wameniachia," alisema akihema. "Walilinganisha mkono wangu, wakaona si wenyewe. Nimekimbia kwenu, sikukukuta, nikajua utakuwa hapa."

Hakuwa amemwambia mtu. Hata shangazi hakujua.

Karani alivua glavu. Akaiona shingo ya gitaa mezani, akaiona na karatasi mikononi mwa Binti, upande wa noti ukiwa umemwelekea yeye.

"Ndio huo? Ukurasa wetu?" Alicheka kama mtoto. "Fundi, tafadhali, rudisha shingo, tuupige sasa hivi. Binti, ushike hivyo hivyo, nisome juu ya bega lako."

Akaanza kuizunguka meza.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO